Mstari wa Asubuhi wa Bi Taipu

Katika kituo kile cha utafiti wa maji kulikuwa na programu moja iliyoitwa Bi Harusi. Jina lake halisi lilikuwa refu, la herufi kubwa tupu, na halikumwambia mtu chochote. Kazi yake ilikuwa kupokea vipimo vya miamba na mvua, kisha kuchora ramani ya maji yaliyo chini ya ardhi, ili wachimbaji wa visima wajue wachimbe wapi na waende kina gani. Waliibatiza Bi Harusi kwa sababu haikutoka ndani mpaka kila kitu kiwe tayari. Ukitaka kuisimika kwenye kompyuta ya Linux, inaomba kwanza kifurushi fulani cha programu saidizi. Ukikileta, inasema si toleo hili, nataka la zamani. Ukileta la zamani, nalo linataka wenzake wa zamani. Ukikosea herufi moja inakumwagia kurasa tatu za malalamiko na kurudi zake ndani. Wataalamu wa miamba, watu wenye shahada tatu tatu, walikuwa wakiikimbia.

Mtu pekee aliyeweza kuitoa alikuwa mwanamke ambaye cheo chake kwenye orodha ya watumishi kilikuwa bado ni mpiga chapa.

Kazini walimwita Bi Taipu. Aliajiriwa enzi za taipureta, na taipureta zilipotupwa stoo wenzake watatu waliondolewa pamoja nazo. Yeye alibaki kwa sababu moja tu: aliandika kilichoandikwa, si alichodhani kimeandikwa. Wasioijua kazi hiyo hudhani ni jambo dogo. Mhandisi aliyekuja kusimika Bi Harusi mara ya kwanza, miaka kumi na sita nyuma, alimwona akinakili amri kutoka kwenye karatasi bila kukosea hata nukta, akamwachia karatasi zote na kuondoka zake. Tangu hapo, diski ikifa, toleo likibadilika, mashine mpya ikija, aliyeitwa ni yeye. Ujumbe wa makosa aliusoma kama alivyosoma barua za wakubwa, kuanzia tarehe hadi sahihi, bila kuruka. Wengine husoma mstari wa kwanza, wakashtuka, wakafunga. Yeye alijua kwamba mashine hueleza shida yake mwishoni, kama mgonjwa anayeanza na habari za mvua na majirani kabla ya kukuonyesha jipu.

Alikuwa pia na mazoea yake. Kila asubuhi, akishafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, aliandika kamstari kamoja kafupi kabla ya kufanya lolote. Yule mhandisi alimfundisha siku ya kwanza, vidole vikakashika hata kichwa kikakasahau. Enzi za taipureta alianza siku kwa kupanga ukingo wa karatasi. Sasa alianza kwa kamstari. Angeweza kuiagiza mashine ikaandike yenyewe kila inapowaka, lakini taipureta haikuwahi kujipangia ukingo, naye hakuona kwa nini hii idekezwe. Ungemuuliza saa nne amefanya nini tangu aingie, asingekataja, kama ambavyo wewe usingetaja kwamba ulifumbua macho.

Rafiki yake kazini alikuwa mkuu wa sehemu ya miamba, mwanamke ambaye wote walimwita Daktari. Bi Taipu peke yake alimwita mdogo wangu. Hawakuwa ndugu wa damu. Miaka ishirini nyuma Daktari alikuwa mwanafunzi aliyekonda kwa mawazo, akaja na tasnifu yake iliyoandikwa kwa mkono, mwandiko wa kuku mwenye haraka. Bi Taipu aliichapa mara tano, kwa sababu msimamizi wa yule msichana aliirudisha mara nne, na malipo yake yalikuwa chai. Tangu hapo wakawa chanda na pete. Kila siku saa nne kamili walikunywa chai kwenye meza ya Bi Taipu, na kikombe cha Daktari kilikaa katika droo ya Bi Taipu, ile yenye kufuli. Bi Taipu alipofiwa na mumewe, Daktari alihamia kwake siku saba, akapika, akaosha, akapokea watu. Binti wa Bi Taipu alikua akimwita mama mdogo, na alipohitimu uuguzi, ni mama mdogo aliyemnunulia ile saa ndogo ya kubandika kifuani.

Sasa, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Daktari alishusha kikombe chake.

"Dada, nina ombi."

"Sema."

"Ukiugua leo, sisi tumekwisha. Kila kitu cha Bi Harusi kiko kichwani mwako. Hebu kiandike. Mwongozo, hatua kwa hatua, hata mtu asiyejua kitu aweze kufuata."

"Ndiyo unanirithi mapema hivyo? Sijafa bado."

"Acha utani. Wewe unapenda kupigiwa simu ukiwa likizo?"

Hakupenda. Likizo yake ya mwisho aliimaliza akisomewa makosa kwenye simu, herufi kwa herufi, huku sufuria ikiungua. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Katika miaka yake yote pale, hakuna aliyewahi kumwomba aandike kitu cha kwake. Tangu ujana alikuwa akichapa maneno ya watu wengine. Alikubali kabla chai haijapoa.

Aliandika wiki nane, na aliandika kwa mapenzi. "Hapa mashine itakuuliza swali. Jibu ndiyo, usiogope." "Hapa itakaa kimya dakika kumi na mbili. Haijafa. Kanywe maji." "Hapa itasema haioni faili. Inaiona, ila imechukizwa na nafasi uliyoacha katikati ya jina." Ukurasa wa mwisho, wa sitini na mbili, aliweka vipimo vya kisima cha zamani ambacho majibu yake yanajulikana, akaagiza kwa herufi nzito kwamba msimikaji aviingize na alinganishe majibu mstari kwa mstari kabla ya kumpa Bi Harusi kazi yoyote. Kila Ijumaa Daktari alipita kuchukua kurasa zilizokamilika, akizisoma papo hapo na kucheka.

"Dada, wewe ni mwandishi," alisema mara moja, na Bi Taipu alitembea na neno hilo mpaka nyumbani.

Mwisho wa mwezi wa tano Daktari akasema mwongozo ujaribiwe. Wakamleta karani wa stoo, mzee mwenye miwani miwili shingoni, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutazamia mbali, ambaye hakuwahi kuligusa dirisha jeusi maishani mwake. Mkurugenzi alikuja kutazama. Afisa utumishi naye alikuja, na daftari mkononi. Hapo Bi Taipu angejiuliza afisa utumishi ana shida gani na miamba, lakini siku hiyo alikuwa na furaha ya mtu anayewatembeza wageni nyumba aliyoijenga mwenyewe, na hakujiuliza kitu.

Alikaa kwanza yeye, amwashie mzee mashine. Akafungua dirisha jeusi, akaandika kamstari kake ka asubuhi, akainuka na kumpa kiti.

"Karibu mzee. Fuata karatasi tu."

Karani alitumia saa tatu u nusu. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa pasi kujua kama imepata moto. Mashine ilipouliza, alijibu ndiyo. Iliponyamaza, alikwenda kunywa maji. Saa saba mchana Bi Harusi akatoka, kamili, bila hata chozi. Vipimo vya ukurasa wa mwisho vikaingizwa na majibu yakalingana hadi tarakimu ya mwisho. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi alipiga, Daktari alipiga kwa mkono mmoja juu ya bega la Bi Taipu, karani alijipigia mwenyewe. Aliyepiga kuliko wote, mpaka viganja vikawasha, alikuwa Bi Taipu. Alikuwa akishangilia kuachishwa kazi kwake mwenyewe, masikini, na hakujua.

Barua ilikuja siku kumi na moja baadaye. Aliipokea kwa afisa utumishi, akaisoma akiwa amesimama kwenye korido. Mpiga chapa haanzi barua kwenye salamu. Huanza juu kabisa, kwenye rejea, kwa sababu ndipo makosa yanapopenda kujificha. Rejea ilisema: pendekezo la mkuu wa sehemu ya miamba, la tarehe mbili mwezi wa tatu. Chini yake mengine yalikuwa ya kawaida. Kufuatia majaribio yaliyofanikiwa, imethibitika kwamba usimikaji unaweza kufanywa na mtumishi yeyote kwa kufuata mwongozo. Hivyo nafasi yake imefutwa. Anashukuriwa kwa mchango wake.

Akarudi kwenye rejea. Tarehe mbili. Ombi la mwongozo, lile la kwenye chai, lilikuwa la tarehe tisa. Alilikumbuka kwa sababu siku hiyo ndiyo binti yake alianza kazi wodi ya watoto. Wiki nzima kabla ya kuombwa aandike, jina lake lilikuwa limeshapelekwa. Mwongozo ulikuwa kamba aliyopewa aisokote mwenyewe, na kila Ijumaa rafiki yake alikuja kupima imefika wapi.

Alibakiza miaka minne kustaafu. Hapakuwa na kituo kingine chenye Bi Harusi, wala ofisi iliyokuwa ikitafuta mpiga chapa wa miaka hamsini na sita. Lakini miguu yake haikumpeleka kulalamika kwa mkurugenzi. Ilimpeleka kwa Daktari.

"Umeipata," Daktari alisema. Hakuwa anauliza.

"Tarehe mbili, mdogo wangu."

Daktari alitazama dirishani. "Makao makuu walitaka nipunguze nafasi moja. Ilikuwa wewe au mmoja wa wale wa uwandani, na wale ndio kwanza wanaanza maisha."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeandika?"

Bi Taipu alilifikiria swali hilo kwa haki, kwa sababu alikuwa mtu wa haki hata pale ambapo haikumsaidia.

"Ningeandika. Vilevile, kila neno. Ila ningejua ninaandika nini."

"Ndiyo maana nilikuchagua wewe, dada. Nilijua utaelewa."

Kuna watu wanaokuumiza wewe badala ya mwingine kwa kuwa wanajua hutapiga kelele, kisha wanataka uichukue kama heshima. Bi Taipu hakupiga kelele, kweli. Alirudi mezani kwake, akafungua droo yenye kufuli, akatoa kikombe cha Daktari, akakiosha, akakifuta, akakiacha juu ya meza kikiwa kimefunikwa kifudifudi. Kisha akachukua mkoba wake.

Nyumbani alimwambia binti yake kwamba makao makuu wamefuta nafasi. Ilikuwa kweli, sehemu yake. Jina la Daktari hakulitaja. Binti alikuwa na baba marehemu, mama mmoja na mama mdogo mmoja, na Bi Taipu aliona haya kumpunguzia tena mtu. Kwa hiyo alimeza. Binti alipouliza mbona mama mdogo haji siku hizi, alijibu kwamba kazi zimemzidi. Alipouliza tena wiki iliyofuata, alijibu vilevile, na uongo huo wa kumlinda mtu aliyemsaliti ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi zikawa ndefu. Alikaa kwenye meza ya jikoni na chai yake, na vidole vyake vikagonga mbao, mapigo yaleyale, mpangilio uleule, kila siku kwa saa ileile. Hakuvisikiliza. Alidhani ni majonzi.

Mwezi wa nane, Jumamosi alasiri, hodi ikapigwa. Alikuwa Daktari, na bahasha kubwa kwapani. Aliingia na kukaa kwenye kiti alichozoea, kile cha karibu na redio, kama vile kiti hakikuwa na habari.

Walisalimiana. Wakaulizana afya. Bi Taipu hakuweka chai.

"Tulipata mashine mpya," Daktari akaanza. "Karani aliisimika kwa mwongozo wako. Bi Harusi alitoka bila lalamiko hata moja. Tukaingiza vipimo, tukapata ramani nzuri tu. Wachimbaji wakaenda."

"Halafu?"

"Visima viwili. Vumbi tupu. Watu wamekuja na ndoo tangu alfajiri, wamepanga foleni, wanatazama mtambo wa kuchimba unatoa vumbi. Jumatatu mchana mtambo unahamia sehemu ya tatu." Akashusha sauti. "Dada, kuna kitu ulikiacha?"

"Niliandika vyote."

"Fikiri vizuri."

"Nimekwambia niliandika vyote."

Daktari alisafisha koo. "Mkurugenzi anasema uliacha makusudi. Kwamba ulinusa unaondolewa, ukatutegea. Mimi nimekutetea."

"Ulinitetea ukasema nini?"

"Nilisema nitakuja kukuuliza."

Hapo Bi Taipu aliumia kuliko siku ya barua. Barua ilimnyang'anya kazi ya kesho. Haya maneno yalirudi nyuma kuichafua kazi ya jana, miaka yote ile ya kuandika kila nukta mahali pake, na kati ya watu wote duniani aliyejua vizuri zaidi kwamba yeye hawezi kutega kitu alikuwa amekaa pale karibu na redio na hakuwa amelisema.

"Ukurasa wa sitini na mbili mliufanya?" aliuliza.

"Upi huo?"

"Wa kulinganisha na kisima cha zamani."

Daktari alikunja ncha ya bahasha. "Programu haikulalamika. Wachimbaji walikuwa wanangoja. Tukaona tuendelee."

"Mliuruka."

"Niliamua turuke, ndiyo."

"Na mkurugenzi anajua kwamba uliamua mruke?"

Daktari alisogea mbele kwenye kiti. "Sikiliza, dada. Ukikumbuka chochote, niambie mimi tu. Nitasema nimekigundua mwenyewe nikikagua. Jina lako halitatajwa tena, yataisha hapohapo. Sina nia mbaya."

"Nionyeshe majibu."

Bi Taipu alivaa miwani, akatoa karatasi kwenye bahasha, akaanza kusoma kutoka juu. Tarehe. Jina la mashine. Jina la eneo. Kisha mstari wa kwanza wa tarakimu, na jicho lake likasimama. Palikuwa na mkato mahali pa nukta. Mstari wa pili, mkato. Ukurasa mzima ulikuwa mikato, na nyuma ya kila mkato kulikuwa na sifuri.

"Hii safu ya miamba," alisema, "inayoonyesha jiwe linapitisha maji kiasi gani. Mliingiza hivi? Sifuri, sifuri, moja, sifuri?"

"Hapana. Ilikuwa sifuri nukta nane, sifuri nukta sita, moja nukta tisa..." Daktari akainamia karatasi.

Bi Taipu hakuwa akiitazama tena karatasi. Alikuwa akitazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya meza ndogo, ambao vidole vyake vilikuwa vikigonga mbao, mapigo yaleyale ya kila asubuhi. Safari hii alivisikiliza.

Dunia haijakubaliana namna ya kuandika moja na nusu. Wako wanaotenganisha kwa nukta, wako wanaotenganisha kwa mkato, na kompyuta za kituo zilifika zikiwa zimepangwa kwa mkato. Vipimo vya Bi Harusi viliandikwa kwa nukta, lakini yeye alikuwa wa zamani na alifuata lolote aliloambiwa na mashine. Mashine ikimwambia hapa tunatumia mkato, basi yeye akikutana na nukta aliona neno limekwisha, akachukua kilicho mbele na kutupa kilicho nyuma, kimya kimya, bila kulalamika. Mwamba wa sifuri nukta nane, unaopitisha maji vizuri, aliusoma kuwa sifuri, jiwe kavu. Kamstari ka asubuhi hakakuwa na kazi nyingine ila kuiambia mashine: kwenye dirisha hili, hesabu kwa nukta.

Na hakakuwa kwenye ukurasa wowote kati ya zile sitini na mbili.

Akaikumbuka siku ya majaribio. Alikaa, akaandika, akainuka, akampa mzee kiti. Mzee alifanya kazi yote ndani ya dirisha ambalo yeye alikuwa ameshalipanga. Kama asingelikaa kwanza, majibu yasingelilingana, karani angelikwama mbele ya mkurugenzi na daftari la afisa utumishi, na pengine yeye angekuwa na kazi mpaka leo. Vidole vyake vyenyewe, kwa uaminifu wao wa kila siku, ndivyo vilivyomfukuzisha.

Angeweza kunyamaza. Tusimpambe, alilifikiria hilo, tena akaliona tamu. Mtambo uende sehemu ya tatu, utoe vumbi, na Daktari akalieleze mwenyewe. Lakini waliokuwa wamesimama na ndoo hawakumkosea chochote.

"Nimekumbuka," alisema.

Daktari alifungua mkoba haraka, akatoa kalamu, akanyoosha mkono kumpa. Bi Taipu hakuipokea. Alichukua simu yake mezani na kumpigia karani wa stoo.

"Mzee, habari za mapumziko. Una karatasi hapo? Chukua na miwani ya kusomea." Akangoja. "Kuna mstari mmoja nilisahau kuuandika kwenye mwongozo. Nilisahau mimi, si wewe. Nakutajia herufi kwa herufi."

Akataja. Akamwambia arudie. Mzee alikosea sehemu moja, akamsahihisha, akarudia tena. Kisha akaendelea, kwa sauti ileile ya kazi, bila kumtazama Daktari: "Jumatatu ukifika, fungua dirisha, uandike huo kwanza kabla ya kitu chochote, halafu fanya ukurasa wa sitini na mbili mkurugenzi akiwa amesimama hapo. Ndiyo, ule mlioruka. Akiona majibu yamelingana, mchore ramani upya kabla mtambo haujaondoka. Akikuuliza mstari umetoka wapi, mwambie nimekupa mimi leo Jumamosi saa kumi, na kwamba mkuu wa sehemu alikuwepo nyumbani kwangu akisikia."

Alipoweka simu chini, Daktari alikuwa bado ameishika kalamu.

"Umeniumbua, dada."

"Nimesema yaliyotokea."

"Kwa nini hukuuandika, lakini? Mstari mmoja tu."

Bi Taipu alitaka kumjibu vikali, lakini jibu lililokuja lilikuwa la kweli. "Sikujua kwamba ni hatua. Nilidhani ni mimi tu."

Bi Taipu alihisi kuna swali moja limebaki, na kwamba ndilo alilokuwa akiligonga mezani miezi yote hii pamoja na kamstari.

"Siku ya majaribio," alisema. "Ulipiga makofi."

"Wote tulipiga."

"Wewe ulikuwa umesimama nami. Mkono wako ulikuwa begani kwangu. Ulikuwa unajua?"

Daktari alifunika kalamu, akaifunua, akaifunika.

"Nilikuwa najua."

"Na mkono hukuutoa."

"Ulikuwa na furaha sana, dada. Ningefanyaje?"

Machozi yalimtoka Bi Taipu, mawili matatu, akayafuta kwa ukingo wa kanga bila kuyaficha. Alikuwa amengoja aambiwe kwamba hapana, siku ile nilikuwa bado nasitasita, siku ile nilikuwa nataka kuliondoa lile pendekezo. Angeamini. Hata kama ni uongo angeupokea na kuufungia kwenye droo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa binti, anatoka zamu ya mchana, bado na sare ya wodi, saa yake ndogo ikining'inia kifuani. Alipoona nani amekaa karibu na redio, uso wote ukamchanua.

"Mama mdogo! Umepotea kama chumvi kwenye mchuzi. Kila siku namuuliza mama, ananiambia kazi zimekuzidi." Akamwinamia, akamkumbatia pale pale kitini. "Leo huondoki mpaka tule. Nimeshasema."

Juu ya bega la binti, Daktari alimtazama Bi Taipu. Macho yake yalikuwa yakiomba kitu kimoja tu, na Bi Taipu alikijua vizuri. Miezi miwili na zaidi alikuwa amempa kitu hicho bure, kila binti alipouliza. Alizikusanya karatasi, akazirudisha ndani ya bahasha, akaipanga sawasawa na kuiweka kwenye mapaja ya Daktari. Akasimama.

"Mwanangu," alisema, "kabla hujavua viatu, msindikize mgeni mpaka barabarani."

Binti akageuka. Akatazama viti, akatazama mlangoni, akachungulia hata jikoni.

"Mgeni gani, mama?"

Daktari alikuwa ameshainama kuchukua mkoba wake.